Dawa Nayo Ina Sanadi Yake

Mwezi huu twataka kuwasimulia kosa tulilolitenda sisi wenyewe, kisha tuwaeleze ilimu tuliyoipata kwa sababu ya kosa hilo. Si jambo jepesi kwa mwalimu wa chuo kuyaanika makosa yake mbele ya wazazi ambao yeye huwasomeshea watoto wao. Lakini aliyeteleza mbele za watu, yafaa ainuke mbele za watu vile vile.

Ilikuwa mwaka 2020. Mwezi wa Machi madrasa zilifungwa, misikiti ikafungwa, na kila mtu akakaa nyumbani kwake na khofu yake. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeingia nchini na dawa yake haikujulikana. Sisi tulikuwa na kundi la wazazi katika simu, tuliloliunda kwa ajili ya khabari za masomo. Masomo yalipokuwa hayapo, kundi likawa la kupelekeana khabari za ugonjwa. Usiku mmoja, baada ya Isha, tukaletewa ujumbe kwamba klorokwini, ile dawa chungu ya malaria iliyokuwa ikituwasha mwili mzima utotoni, yaponya korona, na kwamba daktari mkubwa wa Ulaya ameihakikisha.

Daktari huyo hatukumjua. Waliopokea kutoka kwake hatukuwajua. Tuliyemjua ni yule wa mwisho tu, rafiki yetu aliyetuletea. Juu ya hayo tuliupeleka ujumbe ule kwa wazazi zaidi ya mia, na kwa mkono wetu tukaongeza maneno haya: "Khabari njema, inshaallah."

Siku ya tatu, jirani yetu, mzee mwenzetu tuliyecheza naye utotoni, alivitafuta vidonge hivyo mpaka akavipata, akavimeza. Hakuwa mgonjwa, alitaka kujikinga. Alimeza kupita kiasi, maana ujumbe wetu haukusema kiasi. Usiku moyo ukamwenda mbio, macho yakaingia kiza, akaanguka mlangoni pa choo. Ilikuwa ni saa za amri ya kutotoka nje, na watoto wake walimpeleka hospitali kwa khofu mbili, ya ugonjwa na ya askari. Alilala huko siku nne. Mwenyezi Mungu akamwafu, akarudi nyumbani. Tulipokwenda kumtaka radhi alitutazama sana, kisha akasema: "Maalim, mimi sikuiamini simu. Nalikuamini wewe."

Neno hilo latuchoma hata leo. Maana kazi yetu, ambayo kwayo twapata riziki yetu, ni kuwafundisha watoto kwamba khabari haichukuliwi ovyo ovyo. Kila mwanafunzi wetu wa darasa la juu ajua kwamba hadithi ina sehemu mbili, matni na sanadi. Matni ni maneno yenyewe. Sanadi ni mlolongo wa watu walioyapokea. Wanachuoni waliuliza juu ya kila mtu katika mlolongo huo: alikuwa mkweli? Alikuwa na hifadhi nzuri? Je, alikutana kweli na yule anayesema kwamba amepokea kwake? Pete moja ikikatika, hadithi huhisabiwa dhaifu, hata matni yake yakiwa mazuri namna gani. Haya twayasomesha asubuhi, na usiku tuliyasahau yote kwa kuwa khabari ilikuja kwa simu.

Tuna mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja huko Uingereza. Tukampigia simu. Alituamkia, tukamwitikia, kisha tukamweleza yaliyotokea. Hakutulaumu. Alisema: "Mjomba, dawa ya jamii hiyo hiyo inajaribiwa hapa kwetu sasa hivi. Hakuna ajuaye kama inafaa au haifai. Ndiyo maana inajaribiwa. Ngojeni." Tukamwuliza, dawa hujaribiwaje? Kwani haitoshi kumpa mgonjwa na kutazama kama atapona?

Akatueleza kwa subira, na sisi twaeleza kama tulivyofahamu. Mtu akiugua, akanywa dawa, akapona, haijulikani kama ameponywa na dawa au angalipona hata bila ya dawa. Wagonjwa wengi wa korona walipona wenyewe. Basi aliyekunywa tangawizi alisifu tangawizi, na aliyejifukiza alisifu majani. Kadhalika daktari akichagua kwa hiari yake wa kumpa dawa, mkono wake huweza kumwendea yule anayemwonea tamaa ya kupona, au yule aliye taabani zaidi. Mizani huwa imekwisha kupinda kabla ya kupima. Njia ya haki ni kura. Wagonjwa wagawanywe kwa kura, wengine wapewe dawa, wengine watibiwe kwa njia ya kawaida, kisha wahisabiwe wote, waliopona na waliokufa.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1948 Waingereza walitangaza matokeo ya jaribio la streptomaisini, dawa ya kifua kikuu. Mtaalamu wa hisabu, Austin Bradford Hill, alipanga kura kwa nambari, zikatiwa ndani ya bahasha zilizofungwa, ili daktari asijue kilichomo mpaka mgonjwa awe amekwisha kukubaliwa. Wagonjwa walikuwa 107. Baada ya miezi sita, katika 55 waliopewa dawa walikuwa wamekufa 4; na katika 52 waliopumzishwa kitandani bila ya dawa hiyo, walikuwa wamekufa 14. Tofauti ilikuwa dhahiri.

Basi kompyuta imeongeza nini juu ya bahasha? Hapo ndipo tulipotaka kujua. Mpwa wetu alisema kwamba si kila dawa ina nguvu ya kuonekana katika watu 107. Dawa inayowaokoa watu watatu katika kila mia ni neema kubwa kwa taifa lenye wagonjwa laki, lakini katika kundi dogo itafichikana, idhaniwe ni bahati tu. Ili ionekane watakiwa wagonjwa maelfu, na wagonjwa maelfu hawapatikani katika hospitali moja. Zatakiwa hospitali nyingi, na hospitali nyingi maana yake ni karatasi nyingi, mafaili mengi, na watu wa kuzunguka kuyakusanya na kuyalinganisha. Kazi ya namna hiyo huchukua miaka, na korona haikuwa ya kungoja miaka.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Peter Horby na Martin Landray, walianzisha jaribio waliloliita RECOVERY. Mpango wake ulitayarishwa kwa muda wa siku tisa, na mgonjwa wa kwanza aliingizwa tarehe 19 Machi 2020. Walijua kwamba muuguzi aliyechoka, aliyevaa mavazi ya kinga tangu kichwani hata miguuni, hawezi kujaza karatasi hamsini. Kwa hiyo wakaifanya kazi iwe fupi. Mgonjwa alielezwa na kuombwa ridhaa yake, na asiyejiweza waliulizwa wanaomsimamia. Kisha daktari au muuguzi alifungua ukurasa katika kompyuta, akajibu maswali machache, na kompyuta ikapiga kura papo hapo. Hapana bahasha ya kuchungulia wala mtu wa kupendelea. Mgonjwa alipotoka hospitali, au alipokufa, au zilipotimia siku 28, ilijazwa fomu moja tu.

Na yaliyobaki, ni nani aliyeyaandika? Yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Katika nchi ile kila mtu anayetibiwa na idara ya afya ya taifa ana nambari yake ya matibabu. Akilazwa huandikwa, akiwekwa katika mashine ya kupumulia huandikwa, na akifa huandikwa katika daftari la serikali. Watafiti waliyaunganisha madaftari hayo kwa nambari ile, wakajua mwisho wa wagonjwa wao bila ya kumsumbua mfiwa. Mpwa wetu alituambia neno ambalo sisi tulilitia moyoni: "Mjomba, kompyuta haikutujulisha dawa. Imetufikishia ushahidi tu, haraka na bila ya kupotea njiani."

Mtu aweza kuuliza: madaktari walijua nani amepewa dawa na nani hakupewa, je, hawakuweza kuvutia upande wanaoupenda? Swali ni zuri. Ndiyo maana jambo kuu walilolihisabu lilikuwa ni kifo. Mtu aweza kukosea kwa kusema mgonjwa ameona nafuu kidogo, lakini kufa na kuishi hakuna upendeleo.

Mnamo mwezi wa Juni walikuwa wamekwisha kuingizwa wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali zipatazo 175. Tarehe 5 Juni 2020 wakatangaza juu ya haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini yetu. Haikumfaa mgonjwa wa korona aliyelazwa. Walipomaliza hisabu zao, katika kila mia waliopewa dawa walikufa 27, na katika kila mia wasiopewa walikufa 25. Tofauti hiyo ni ndogo, haitoshi kuhukumia kwamba dawa imeua. Lakini faida haikuonekana. Tuliposoma khabari hizo tulimkumbuka jirani yetu pale alipoangukia mlangoni pa choo. Aliyameza madhara bila ya faida, na khabari aliipata kwetu.

Sasa wasomaji wetu wasikilize kisa kingine kilichotokea katika siku zile zile, kwani ndani yake mna onyo. Tarehe 22 Mei 2020 gazeti kubwa la madaktari, The Lancet, lilichapisha makala iliyosema kwamba dawa hiyo inaongeza vifo. Waandishi wake walidai kuwa wamekusanya, kwa njia ya kompyuta, khabari za wagonjwa 96,032 wa hospitali 671 katika mabara sita. Ulimwengu ukatikisika. Tarehe 25 Mei Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo. Lakini wataalamu wengine wakaanza kuuliza: hospitali hizo ni zipi? Nani ameziona khabari hizo kwa macho yake? Kampuni iliyodai kuwa nazo haikukubali kuzitoa zikaguliwe. Tarehe 4 Juni, baada ya majuma mawili tu, makala ile ikaondolewa.

Tuitazame vema tofauti hiyo. Makala ile ilikuwa na kompyuta, na RECOVERY lilikuwa na kompyuta. Makala ile ilidai watu wengi kuliko RECOVERY mara nyingi. Wote wawili, tena, hawakuisifu dawa ile. Lakini mmoja alikuwa na sanadi, na mwingine hakuwa nayo. Katika RECOVERY kila mgonjwa alikuwa na hospitali inayojulikana, ridhaa iliyoandikwa, na nambari inayoweza kufuatwa mpaka kitandani pake. Katika makala ile, ulipouliza "umepokea kwa nani?", mlolongo ulikatika. Wanachuoni wetu wangaliifahamu mara moja hukumu yake: wingi wa maneno si ushahidi, na neno linalokaribiana na kweli halisimami kwa sanadi iliyokatika.

Majuma mawili hayajapita tangu habari za klorokwini, mara kundi letu la simu likalia tena. Tarehe 16 Juni wataalamu wa RECOVERY walikuwa wametangaza kwamba deksamethasoni, dawa rahisi iliyojulikana tangu miaka ya 1950, inaokoa maisha. Mzazi mmoja akaandika: "Dawa imepatikana! Maalim, tuinunue?" Vidole vyetu vilitaka kujibu upesi. Tukajizuia. Tukampigia mpwa wetu, tukamwuliza kwanza: "Ni nani aliyesema, na imemfaa nani?"

Akasema khabari ni sahihi, lakini ina mipaka. Waliopewa dawa kwa kura walikuwa 2,104, na wasiopewa 4,321. Katika wagonjwa waliokuwa katika mashine ya kupumulia, kati ya kila mia wasiopewa walikufa 41, na kati ya kila mia waliopewa walikufa 29. Waliokuwa wakisaidiwa kwa oksijeni bila ya mashine, walikufa 26 katika mia kwa wasiopewa, na 23 kwa waliopewa. Lakini wagonjwa waliokuwa wakipumua wenyewe bila ya oksijeni hawakupata faida yo yote, na kulikuwa na dalili ya kukhofia madhara. Basi dawa ile ile iliyo rehema kitandani hospitalini haikuwa ya mtu aliyekaa nyumbani kwake na kikohozi. Lau si wagonjwa kuwa maelfu, na kila mmoja kuandikwa hali yake siku ya kuingia, mipaka hiyo isingalijulikana. Tukawajibu wazazi: "Msinunue. Ni dawa ya waliolazwa na wanaohitaji oksijeni, nayo hutolewa na daktari." Jibu hilo halikuwa refu, lakini tulijua lilikotoka.

Wala wasomaji wetu wasidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Hapa pwani yetu, Kilifi, tangu mwaka 2000 watu zaidi ya laki mbili wameandikwa nyumba kwa nyumba, waliozaliwa, waliokufa na waliohama, na daftari hilo limeunganishwa na hospitali ya huko. Hata mtoto akilazwa hujulikana ni wa nyumba gani. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa tangu 2009 hata 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, na miongoni mwa mahali hapo palikuwa Kilifi, na kwa ndugu zetu wa Tanzania, Bagamoyo na Korogwe. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo hiyo itumiwe. Watoto wanaochanjwa leo wana deni kwa mama wale waliokubali watoto wao waandikwe.

Kwa sababu hiyo huja kwetu mama wa wanafunzi wakatuuliza: "Maalim, wamekuja vijana na simu kubwa, wanauliza majina ya watoto na maradhi yao. Tuwaambie?" Zamani tulikuwa tukijibu upesi upesi, "Waepukeni." Jibu hilo nalo lilikuwa halina sanadi. Siku hizi twawaambia waulize mambo manne. Kwanza, nani amewatuma, na kamati gani ya maadili ya utafiti imewapa ruhusa? Pili, jina la mtoto litahifadhiwa wapi, na nani ataliona? Tatu, tukitaka kujitoa kesho, mtoto atatibiwa kama kawaida? Nne, mtarudi kutuambia mliyoyaona? Anayejibu manne haya kwa upole na kwa maandishi, yafaa kusikilizwa. Anayekasirika kwa kuulizwa, mlango uko wazi aende zake. Maana khabari ya mgonjwa ni amana, nayo haigeuki kuwa bidhaa kwa kuwa imetiwa ndani ya mashine. Na sisi tunaoombwa tuna haki ya kukataa, kama tulivyo na haki ya kukubali.

Tena lipo jambo moja la kwetu wenyewe. Tulipokwisha kujifunza haya, tulilifungua daftari letu la wanafunzi kwa jicho jipya. Tukamkuta binti mmoja ameandikwa mara tatu: Khadija, Hadija, na Katija, na kila jina lina mwaka wake wa kuzaliwa. Tungaliulizwa chuo chetu kina watoto wangapi, tungalisema uongo bila ya kukusudia. Na kama daftari la mwalimu ni hivyo, vipi kadi za watoto za zahanati, ambazo sisi wazazi hatuzitunzi, zikapotea na zikarudiwa kwa kukisia? Hakuna kompyuta iwezayo kuunganisha kilichoandikwa ovyo. Tumekaa siku tatu na wazazi, tukasahihisha jina kwa jina kwa vyeti vya kuzaliwa. Twawanasihi wazazi wote: kitunzeni cheti cha mtoto na kadi yake ya chanjo kama mnavyotunza hati ya shamba. Jina liandikwe kwa namna moja kila mahali. Tumeamrishwa katika Sura ya Al-Baqara kuandika deni na kulishuhudisha. Basi uhai wa mtoto si mdogo kuliko deni.

Na vijana wetu wenye akili ya hisabu na ya kompyuta twawaambia: msidhani kazi ya kheri ni ya daktari na mwalimu peke yao. Anayetengeneza daftari la kweli, anayelilinda lisiibiwe, na anayekataa kuongeza nambari moja ya uongo ndani yake, huyo naye ni msimulizi katika sanadi, na watu watapona au watadhurika kwa ukweli wake.

Jirani yetu yu hai, alhamdulillahi, na jioni hukaa naye barazani. Yumo bado katika kundi letu la simu. Kila tunapotaka kupeleka khabari ya dawa, humpelekea yeye kwanza peke yake, naye hutujibu kwa swali moja, "Umepokea kwa nani, Maalim?" Tukiwa na jibu, hupeleka. Tusipokuwa nalo, huifuta.

Wabillahi taufiqi.